Sarafu zenye kasoro: kosa la kiwandani au zimeumia mitaani?

MamaDuka_Isevya

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Nina duka la rejareja hapa Isevya, Tabora. Marehemu babu yangu mzaa mama aliacha kopo la maziwa ya unga lenye sarafu za zamani, na mimi nina tabia ya kutenga pembeni zile za ajabu zinazoingia kwenye droo ya duka. Juzi niliweka picha zake kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Usiku huohuo akanipigia mtu nisiyemjua, akasema hizo ni sarafu za makosa ya kiwanda, Ulaya zinanunuliwa kwa mamilioni, nimtumie kwanza elfu thelathini ya usajili. Sijatuma. Ila tangu hapo nina swali: mtu anajuaje kwamba sarafu ilitoka kiwandani na kasoro yake, na siyo kwamba imepigwa nyundo na watoto?

Nazieleza moja moja.

Ya kwanza ni shilingi 500 ya nyati. Upande wa Karume, shavuni na mbele ya uso, kuna herufi zimezama ndani na zimegeuka. Nikiiweka mbele ya kioo nasoma TANZ.

Ya pili ni shilingi 100 ya Mwalimu na swala, lakini si ya njano. Ni ya kijivu pande zote. Sumaku inainasa.

Ya tatu ni senti 10 ya mkoloni ya 1943. Ina lile tundu la katikati kama kawaida, halafu ina tundu la pili, dogo, karibu na ukingo.

Ya nne imeandikwa D.O.A. 1916, nyuma 20 HELLER. Picha imehama. Taji limekaribia kukatwa juu, na chini kumebaki eneo tupu lenye umbo la mwezi mwandamo.

Ya tano sijui hata kama inafaa kutajwa. Ni shilingi ya mwenge ya 1966, ina mstari mwembamba kutoka ukingoni ukipanda shingoni kwa Mwalimu hadi shavuni. Naona ni mkwaruzo tu, lakini nimeitenga kwa kuwa ilikuwa kwa babu.

Mwenye kujua anisaidie.

---

Kijana_Keko

Mama usithubutu kutuma hiyo hela. Jirani yetu alitozwa usajili, kisha akadaiwa ya bima, kisha ya ndege, mpaka alipochoka mwenyewe.

Hiyo 500 mimi ningeiweka juu kuliko zote, herufi za kinyume haziwezi kutokea mtaani. Nami nina 200 ya simba ambayo maandishi yake yanaonekana mawili mawili. Tusubiri wataalamu.

---

FundiPresi_Moro

Marahaba mwanangu. Umefanya vema kuuliza kabla ya kutoa. Mtu anayetaka kununua sarafu yako huja na fedha yake mkononi.

Nimefanya kazi ya presi karibu maisha yangu yote ya ajira, katika karakana hapa Morogoro, tukikata na kugonga washa, bawaba, vifuniko. Sarafu nilianza kuzikusanya kwa sababu ni kazi ileile ya mikono yangu, ila imefikishwa kwenye ustadi ambao sisi hatukuufikia. Kwa hiyo niruhusu nianze na jinsi sarafu inavyotengenezwa, maana bila hapo tutabaki kubahatisha.

Madini yanapondwa yawe utepe mrefu wenye unene mmoja. Utepe unapita chini ya vikatio vinavyotoa viduara vitupu. Viduara vinatiwa motoni vilainike, vinaoshwa, kisha vinapita kwenye mashine inayobana ubavu ili ukingo uinuke kidogo. Zile za kuvishwa ngozi, kama 100 na 500 zetu ambazo ndani ni chuma, huvishwa shaba ya njano au nikeli zikiwa bado tupu. Ndipo kila kiduara kinaingia kwenye presi, kinakaa ndani ya pete ya chuma kigumu, muhuri mmoja, yaani chuma kilichochongwa picha, juu na mwingine chini. Mihuri inakutana kwa nguvu ya tani nyingi. Picha ya mbele, picha ya nyuma na ubavu, vyote vinapatikana kwa pigo hilo moja.

Sasa ukiona kasoro, ipeleke kwenye hatua hizo uone inakaa wapi. Je, ni kiduara kilikuwa kibovu kabla ya kupigwa? Ni muhuri uliokuwa umepasuka au umeziba? Au ni pigo lenyewe lilikwenda kombo? Wakusanyaji wa dunia nzima huzigawa kasoro kwa mafungu hayo matatu. Kama huwezi kuonyesha ni katika hatua gani kasoro ingetokea, basi ilitokea baada ya sarafu kutoka mlangoni mwa kiwanda, na huo ni uharibifu, hata ukiwa wa ajabu namna gani.

Kuna jambo moja linalosaidia kuliko mengine yote, nalo ni kuangalia kama kasoro imeinuka au imezama. Picha kwenye muhuri imechongwa kinyume na kwa kuzama, ndiyo maana kwenye sarafu inasimama. Muhuri ukipata ufa, madini ya kiduara yanajaa ndani ya ule ufa wakati wa pigo, na sarafu inatoka na mstari ulioinuka. Kisu, msumari au jiwe la barabarani haviwezi kuinua mstari juu ya sarafu. Vinachimba, na madini yaliyochimbwa yanarundikana pembeni mwa mfereji.

Kanuni hii ina mahali inapovunjika, na watu wengi hawasemi. Kama uchafu, kipande cha waya au grisi ilikaa kati ya kiduara na muhuri, sarafu itatoka na shimo au herufi hafifu, na hilo ni kosa la kiwanda ingawa limezama. Pia kama madini yaliingia hewa au taka wakati wa kupondwa, tabaka la juu linaweza kubanduka na kuacha kovu. Tofauti yake na kuchimbwa ni kwamba hapo hakuna kilichosukumwa pembeni. Sakafu ya kovu ni ya mistari mistari inayoelekea upande mmoja, uelekeo uleule utepe ulikopondwa.

Nije kwenye zako.

Shilingi 500. Namheshimu kijana wa Keko, lakini herufi za kinyume zinatokea mtaani kila siku. Unachukua sarafu mbili, unazipanga uso kwa uso, unazibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi, au unazigonga kwa nyundo juu ya fuawe. Herufi zilizosimama kwenye moja zinazama kwenye nyingine, na lazima zitoke zimegeuka.

Lipo kosa la kweli la kiwandani linalofanana na hilo. Sarafu iliyokwisha kupigwa inang'ang'ania kwenye muhuri, haitoki. Kiduara kinachofuata kinakuja, kinapigwa na uso wa ile sarafu badala ya muhuri, na kinapata picha iliyozama na kugeuka. Lakini fikiri: kiduara hicho upande ule hakijawahi kuguswa na muhuri. Kwa hiyo picha ya kinyume inachukua uso mzima, na picha ya kawaida haipo. Yako ina Karume kamili, halafu ina herufi zilizozama shavuni mwake. Karume alipigwa kwanza, herufi zikaja baadaye.

Kuna na jingine. Mihuri ikikutana bila kiduara kati yake, kila mmoja unamtia mwenzake alama. Sarafu zitakazofuata zitakuwa na kivuli cha picha ya upande wa pili, nacho kimegeuka. Ila kivuli hicho *kimeinuka*, na kinatoka kwenye sarafu hiyohiyo. Kwako nyuma ni nyati, tungetafuta mgongo au pembe za nyati mbele ya uso wa Karume. Herufi zilizozama si hilo.

Ukitaka uthibitisho, geuza upande wa nyati. 500 hizi, zilizoanza kutumika mwaka 2014, zina alama iliyojificha: ukiinamisha hivi unaona 500, ukiinamisha vile unaona BOT. Inafanywa kwa mistari myembamba sana. Sarafu ikibanwa kwenye jiliwa, upande unaolalia chuma hupondeka sehemu za juu. Ilinganishe na 500 nyingine ya dukani iliyochakaa kiasi kilekile. Kama kwenye yako mgongo wa nyati au hiyo mistari imelala na kung'aa kama bapa, umepata jibu.

Shilingi 100 ya kijivu. Hii nisingeihukumu bila kuiona. Kiduara kinaweza kweli kuruka hatua ya kuvishwa ngozi kikaingia kwenye presi kikiwa chuma kitupu. Na mtu anaweza kweli kuichovya sarafu kwenye asidi, ngozi ikaliwa. Sumaku haitakusaidia, maana chuma cha ndani ni kilekile. Nenda kwa sonara akupimie uzito, na upime pamoja na 100 ya kawaida. Kisha angalia kwa lenzi kwenye kona za ndani za herufi, pale ambapo brashi haifiki. Iliyoruka hatua itakuwa kijivu hadi kwenye kona, na picha zake ni kali. Iliyochovywa itabaki na njano kidogo kwenye kona, uso utakuwa na vijishimo, na herufi zimekonda.

Senti 10 ya 1943. Tundu la katikati lilitobolewa kwenye kiduara kabla ya kupigwa, ndiyo maana lina ukingo wake ulioinuka, na picha za pembe za ndovu zimechorwa kulizunguka. Tundu la pili halina ukingo, limekata herufi, na naamini upande mmoja utahisi ukali kwa kucha. Hilo limetobolewa ili ivaliwe. Tena angalia chini kama kuna herufi SA, maana yake ilipigwa Pretoria. Ni sarafu njema ya kumbukumbu, ila tundu ni uharibifu. Kosa la kweli kwenye senti hizi ni tundu la katikati likiwa limehama, au halipo kabisa.

Heller 20. Hapa mwanangu umekaa palepale zilipozaliwa. Wakati wa vita ile ya kwanza Waingereza waliziba pwani, fedha kutoka Ujerumani hazikufika tena, na serikali ya Wajerumani ikiwa imehamia Tabora ikajipigia sarafu kwenye karakana ya reli. Zote ziliandikwa mwaka 1916. Walipiga heller 5 na heller 20, na rupia 15 za dhahabu zenye ndovu kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, na herufi T iliyo kwenye sarafu ni Tabora. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini na kazi ikaisha.

Mimi nikizishika hizi napata hisia ambayo sipati kwenye sarafu za London au Berlin. Ile ilikuwa karakana ya treni. Mafundi walipewa kazi ambayo vifaa vyake havikuwepo, madini yakaokotwa popote yalipopatikana, shaba nyekundu kwa shaba ya njano, yakiwemo maganda ya risasi. Ndiyo maana zina nyufa ukingoni, picha hafifu, matabaka yaliyobanduka, na picha zilizohama kama yako. Kasoro yako ni ya kiwandani, sina shaka nayo, mradi tu lile eneo tupu halijapigwa tupa. Chunguza: eneo ambalo muhuri haukufika linabaki na ngozi ileile ya kale, yaani utando unaoletwa na umri, na rangi ileile ya sarafu nzima. Lililosuguliwa lina mistari ya tupa na limekonda kuelekea ukingoni.

Lakini sikiliza upande wa pili. Kwa sababu heller 20 nyingi za Tabora zimetoka kombo, kuhama kidogo hakuiongezei sana. Kinachoangaliwa zaidi ni kama imechakaa au la, ni ya shaba gani, na muundo wa taji na vikonyo vya majani, maana ilichongwa mihuri zaidi ya mmoja.

Shilingi ya mwenge. Chukua kucha yako, ipitishe juu ya ule mstari taratibu. Kisha uniambie: kucha inatumbukia au inajikwaa?

---

Makanga_Nakuru

Salamu kutoka Nakuru. Shikamoo mzee, nimesoma yote mara mbili.

Huku kwetu shida kubwa ni sarafu za madini mawili, hasa ashu, ile kumi yenye kiini cha rangi moja na pete ya rangi nyingine. Kazi yangu ni matatu, kwa hiyo chenji zote za route zinapitia mkononi mwangu. Kuna watu wananiletea pete tupu, wengine kiini peke yake, wakisema kiwanda kilisahau kuweka kiini. Kuna mmoja ana kumi ambayo kiini chake kimegeuzwa, kichwa cha Mzee Kenyatta kiko upande wa nembo. Anataka elfu hamsini za Kenya.

Nilichoona ni kwamba zile pete nyingi upande wa ndani zina alama ya kitu kilichobanwa pale, na ukingo wa ndani una mikwaruzo upande mmoja, kama mtu aliisukuma kwa bolti. Nimeona watoto stendi wakizitoa kwa kuzigonga juu ya nati. Mzee, pete ya kweli iliyokosa kiini inatakiwa iweje?

---

FundiPresi_Moro

Marahaba kijana. Macho yako ni ya fundi.

Kiini na pete vinaingia kwenye presi vikiwa vipande viwili, vimepangwa tu kimoja ndani ya kingine. Pigo lilelile linalochora picha ndilo linalovifunga, kwa sababu madini yanasukumwa na kubanana pale yanapokutana. Kwa hiyo pete iliyotoka na kiini chake, kisha kikang'olewa, lazima iwe na alama ya kubanana kwa ndani, sawasawa na ulivyoona. Pete iliyopigwa bila kiini haikuwa na kitu cha kuizuia kwa ndani. Madini yake yalisogea kuelekea kwenye uwazi, na ubavu wa ndani unakuwa laini, bila alama ya mwenzake. Mara nyingi tundu lenyewe limebadilika kipimo kidogo, pima kwa vernia, ile rula ya fundi yenye taya.

Huyo wa kiini kilichogeuzwa usimpe hata shilingi. Picha zote mbili zinatoka kwenye pigo moja, na muhuri wa mbele ni kipande kimoja kinachopiga kiini na pete pamoja. Kiini hakiwezi kupata picha ya nyuma upande ambao pete imepata ya mbele. Hakuna hatua kiwandani ambapo hilo lingetokea. Kuna mtu alikitoa akakirudisha.

Kosa linaloaminika zaidi kwenye hizo ni kiini kilichokaa pembeni, ambapo madini yake yamefurika juu ya pete upande mmoja na kuacha nafasi upande mwingine, na picha imepita juu ya hiyo fujo bila kukatika. Ukiona mstari wa picha unaendelea kutoka kwenye kiini hadi kwenye pete bila kuvunjika, hiyo ilipigwa vilevile ilivyo.

Na kijana wa Keko nisimsahau. 200 yako iangalie kwa lenzi. Kama herufi ya pili ni bapa na iko chini ya ile ya kwanza, na herufi yenyewe imekonda, basi muhuri ulikuwa umelegea ukayumba wakati wa kuachana na sarafu. Ni jambo la kiwandani, lakini ni la kawaida mno na wakusanyaji hawalilipii. Wanalotafuta ni muhuri uliochongwa picha mara mbili, ambapo herufi zote mbili zina kimo kamili, zimeviringika, na kwenye kona zake unaona mpasuko unaozitenganisha. Senti 1 ya Marekani ya 1955 ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo, unaona tarehe mbili bila hata lenzi. Kama unahitaji kukodoa macho na kubishana, huenda ni la kwanza.

---

MamaDuka_Isevya

Asante sana mzee wangu, Mungu akuweke. Nimekwenda kwa sonara sokoni, akanikubalia mizani na lenzi yake.

500 ina gramu 9.5, sawa na nyingine ya dukani. Lakini upande wa nyati, mgongoni, pamelala kabisa na panang'aa, na ile BOT inayojificha haionekani vizuri upande mmoja. Ya kulinganisha inaonekana yote. Kwa hiyo ni jiliwa.

100 ya kijivu ni nyepesi kuliko ya kawaida, na sonara mwenyewe ndiye aliyeona njano ndani ya herufi. Akasema hii imelala kwenye asidi, anaijua harufu ya kazi hiyo.

Senti 10 ina SA chini. Tundu dogo lina ukali upande wa nyuma. Mama amenikumbusha kuwa aliivaa yeye shingoni alipokuwa mdogo, kwa hiyo hiyo haitoki nyumbani.

Heller, lile eneo tupu lina rangi moja na sarafu nzima, hakuna mistari ya tupa. Sonara alikaa nayo muda mrefu akiigeuza.

Sasa ile ya mwenge. Kucha inajikwaa. Kwenye lenzi mstari umeinuka, unaanzia ukingoni, unapita shingoni na unakunjika kidogo chini ya taya, halafu unaishia shavuni. Hakuna kilichochimbwa pembeni. Je, ndiyo ufa wa muhuri?

---

FundiPresi_Moro

Ndiyo wenyewe. Hiyo uliyoona haifai kutajwa ndiyo kosa safi la kiwandani kuliko yote uliyotuonyesha, ukiiacha heller. Muhuri wa Mwalimu ulipasuka kutoka ukingoni, wakaendelea kupiga nao, na shilingi yako ikabeba umbo la ule ufa.

Nisikudanganye kuhusu fedha. Ufa mwembamba kama huo haugeuzi shilingi kuwa kiwanja. Mkusanyaji atakuongezea kidogo, na wengine hawatajali. Unaopandisha thamani kwa kweli ni ufa uliokwenda mpaka kipande cha muhuri kikang'oka ukingoni, sarafu ikatoka na uvimbe mtupu uliomeza herufi. Lakini ufa una raha yake nyingine. Muhuri mmoja unapiga sarafu kwa maelfu, na ufa hauponi, unarefuka tu. Kwa hiyo mahali fulani zipo shilingi nyingine za 1966 zenye ufa huohuo, fupi kuliko wako na ndefu kuliko wako, na anayezikusanya anaweza kuzipanga kwa utaratibu zilivyotoka kwenye presi.

Usizisugue. Si kwa majivu, si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno. Ngozi ya kale ikiondoka, mimi wala mtu mwingine hatuwezi tena kutofautisha kilichokuwepo na kilichokuja baadaye, na heller yako hasa itapoteza ushahidi wake wote. Zishike ubavuni, ziweke kwenye bahasha ndogo za karatasi kavu, kila moja na yake. Mifuko ya nailoni laini inayonata iache, hutoa kemikali inayogeuza shaba kuwa ya kijani.

---

Mzalendo_Muscat

Assalaam aleikum. Mimi ni mtu wa Unguja, makazi Muscat. Nimesoma hapa nikaenda kufungua kijaluba cha marehemu mzee wangu, alikuja nacho kutoka nyumbani. Mna shilingi za mwenge za 1966 tatu. Mbili ni safi. Ya tatu ina mstari umeinuka, unaanzia ukingoni chini ya shingo na unaishia palepale shingoni, haufiki kwenye taya. Nimepitisha kucha, inajikwaa. Mzee, yaweza kuwa ni muhuri mmoja na wa dada wa Tabora?

---

FundiPresi_Moro

Wa aleikum salaam. Yaweza, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kama ni mmoja, basi yako ilipigwa kabla ya yake.

Ila tusikubali kwa matumaini. Mihuri miwili tofauti inaweza kupasuka sehemu moja, kwa sababu mahali penye kina zaidi ndipo panapochoka kwanza. Haiwezi kupasuka kwa njia ileile hatua kwa hatua. Kwa hiyo nyote wawili fanyeni hivi: wekeni sarafu juu ya karatasi nyeupe, Mwalimu akiwa amesimama wima, taa moja tu ikitoka upande wa kushoto na iwe chini karibu na meza ili mstari utoe kivuli. Pigeni picha simu ikiwa juu kabisa, isiinamishwe. Kisha mpime kwa rula kutoka pale ufa unapoanzia ukingoni hadi herufi iliyo karibu nao, kila mmoja aandike milimita zake hapa bila kusubiri za mwenzake. Mwanzo wa ufa ukilingana, na mkunjo wa pale shingoni ukilingana, tutakuwa tumepata mbili za muhuri mmoja.

Na wengine wenye mwenge wa 1966 majumbani, zitoeni muangalie shingoni.